Kufuli Imara, Ufunguo Dhaifu: Usalama wa Waifai Majumbani



Mwenye nyumba hufunga mlango usiku, akalala akiamini kuwa mali yake i salama. Mawimbi ya waifai hayautambui mlango huo. Hupenya ukuta wa tofali na kuvuka ua, hata aliye barabarani akayapokea kama aliye sebuleni. Kinachomzuia kuingia ni nywila.

Ubora wa kinga hii ustahili kutajwa kwanza. Mfumo wa awali, WEP, ulianza mwaka 1997, na kufikia 2001 wataalamu walikuwa wamekwisha kuonesha jinsi unavyovunjwa. Ukafuata WPA mwaka 2003, WPA2 mwaka 2004 na WPA3 mwaka 2018. WPA2, iliyomo katika vifaa vingi vya leo, hugeuza mawasiliano kuwa fumbo lisilosomeka kwa mpita njia. Kufuli, basi, ni imara.

Udhaifu umo katika ufunguo. Wengi huweka namba ya simu kuwa nywila, nayo yajulikana na kijiji kizima. Mwizi anaweza kunasa mawasiliano ya mwanzo baina ya simu na ruta, kisha kompyuta yake ikabahatisha nywila kwa maelfu, naye yuko mbali. Udhaifu wa pili ni WPS, njia ya kuunganisha vifaa kwa namba ya tarakimu nane. Mwaka 2011 ilibainika kuwa namba hiyo huhakikiwa kwa vipande viwili, hivyo majaribio yasiyozidi 11,000 hutosha kuipata. Wa tatu ni ukarimu: jirani akiomba nywila, ni haya kumnyima, naye humpa mwenzake, na mwenzake mwingine.

Hasara haiishii kwenye bando. Aliyeingia huweza kubadili mipangilio ya ruta na kuwapeleka wenye nyumba kwenye kurasa bandia. Akitenda kosa lililokatazwa na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, uchunguzi huweza kuanzia kwa mwenye laini iliyosajiliwa.

Tiba haina gharama. Mwenye nyumba abadilishe nywila mbili: ya waifai na ya mipangilio ya ruta. Achague maneno manne yasiyohusiana, azime WPS, na atumie WPA3, au WPA2 pale isipokuwapo. Ruta ikiruhusu, afungue mtandao wa wageni, ili jirani apate huduma pasipo kuvifikia vifaa vya familia.

Ikumbukwe kuwa waifai hulinda njia iliyo baina ya simu na ruta tu. Haimzuii tapeli anayepiga simu akiomba namba ya siri. Huyo hujibiwa kwa kunyimwa, na ujumbe wa kitapeli hupelekwa namba 15040.

Mgeni hukaribishwa sebuleni. Hakabidhiwi funguo za nyumba nzima.