Karo ya Marekani na Shamba la Mzazi
(Maneno yaliyosemwa katika mkutano wa wanachama)



Chama chetu hakipingi mtoto wa mfanya kazi kwenda kusoma ng'ambo. Tungepingaje? Mwaka 1959 alikuwa ni mtu wa vyama vya wafanya kazi, marehemu Tom Mboya, aliyesimama mbele katika kuipanga ndege iliyochukua wanafunzi 81 kwenda Marekani. Hiyo ni sifa yetu nasi hatuiachi.

Lakini tunaulizwa sana juu ya vile vyuo vya Marekani viitwavyo vyuo vya jamii, na juu ya somo la haki ya jinai. Mzazi husikia neno "sheria" na mara humwona wakili. Hapo tusimame kidogo.

Vyuo hivi ni vya kweli. Cha Joliet, katika jimbo la Illinois, kilianza mwaka 1901. Huendeshwa kwa msaada wa kodi za wenyeji, ili mtu wa kazi apate kusoma hata jioni kwa ada ndogo. Somo la jinai lilienea sana baada ya mwaka 1968, serikali ya huko ilipotoa fedha za kuwasomesha askari polisi. Kwa miaka miwili mwanafunzi hufundishwa kazi ya polisi, upelelezi, mahakama, magereza, na namna ya kumwangalia mtu aliyeachiliwa kwa masharti. Askari wa huko anayetafuta cheo linamfaa sana.

Kwa mtoto wetu hesabu ni nyingine. Ile ada ndogo ni ya wenyeji wa jimbo. Mgeni hulipa zaidi, na mara nyingi zaidi sana. Viza ya mwanafunzi haimruhusu kufanya kazi nje ya chuo mwaka wa kwanza, na kazi ya ndani ya chuo haizidi saa 20 kwa juma wakati wa masomo. Basi kijana anayesema, "Nikifika nitajilipia mwenyewe," hajapiga hesabu. Akimaliza, idara nyingi za polisi za huko zataka raia wa Marekani. Akirudi Kenya, hawi wakili: uwakili hapa wataka shahada ya sheria kwanza, na cheti hiki si shahada ya sheria. Akitaka kuwa askari, ataandikwa na kufundishwa kama wenzake.

Hatusemi asiende. Cheti hicho chaweza kumwingiza chuo kikuu mwaka wa tatu, ikiwa chuo kikuu chenyewe kimekubali kuyahesabu masomo yake. Neno hilo liulizwe kabla ya shamba kuuzwa, na jibu liwe kwa maandishi kutoka chuoni, si kutoka kwa wakala mwenye tai. (Yeye hulipwa kwa kila mtoto anayempeleka, hasara ataitaja kwa nini?)

Mzazi aliye na barua ya chuo ailete ofisini Jumamosi baada ya saa nane. Tutaisoma pamoja naye, mstari kwa mstari, na kijana mwenyewe aje.