Hotuba Juu ya Namna Tunavyochinja Wanyama wa Chama



Halmashauri imeniomba niseme machache juu ya namna tunavyowachinja wanyama wanunuliwao kwa fedha za Chama. Najua wako watakaouliza, je, ng'ombe naye amekuwa mwanachama? La, hajalipa ada. Lakini kila mwaka twanunua ng'ombe na mbuzi kwa ajili ya matanga, arusi na karamu ya kufunga mwaka, na litendwalo kwa fedha zetu limetendwa kwa jina letu.

Nitaanza na kosa langu mwenyewe. Mwaka jana nilikuwa miongoni mwa waliopewa kazi ya kumtayarisha fahali wa matanga. Tulimleta jioni, tukamfunga kwa kamba fupi kwenye nguzo nyuma ya nyumba, bila maji wala majani, kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenzake amemnywesha. Usiku watoto walimrushia vijiwe. Alfajiri vijana sita walimwangusha kwa kumvuta mkia na pembe, na kisu kilichotumika kilikuwa cha jikoni, ambacho jana yake kilikatia sukuma wiki. Sina haja ya kueleza yaliyofuata, maana wengi mlikuwapo. Hakuna aliyekusudia ukatili. Ulikuwa uzembe, na sehemu kubwa ya uzembe ule ilikuwa yangu.

Tangu siku ile nimekuwa nikiuliza na kutazama. Nimekwenda Kiamaiko, ambako kwa miaka mingi ndiko kulikochinjwa mbuzi wengi wanaoliwa katika mitaa yetu ya Eastlands. Wengi wao hutoka Isiolo, Marsabit na Moyale, na kutoka Moyale hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 700. Husafiri wamesongamana ndani ya lori, na yule aangukaye hukanyagwa na wenziwe. Kwa hiyo mbuzi afikapo mjini amekwisha kuteseka kabla hajaona kisu. Hilo si letu kulitengeneza peke yetu, lakini lililo letu ni saa zile za mwisho anapokuwa mikononi mwetu: kivuli, maji, na kupumzika.

Tena, mambo haya yanamgusa hata yule asiyemhurumia mnyama. Mnyama aliyetishwa na kuchoshwa humaliza sukari iliyomo misulini mwake, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka baada ya kufa ikawa ile asidi kidogo inayoifanya nyama ikae. Ikikosekana, nyama huwa nyeusi na kavu, na huoza upesi. Mahali alipopigwa fimbo damu huvilia, na mkaguzi hulazimika kukata sehemu ile na kuitupa. Basi, tumezoea kumlaumu mwenye bucha.

Sasa niseme juu ya kisu. Mbuzi akikatwa mishipa yote miwili mikubwa ya shingo kwa mara moja, kwa kisu kikali kisicho na mapengo, hupoteza fahamu kwa sekunde chache. Ng'ombe sivyo. Yeye anayo mishipa mingine ipitayo ndani ya mifupa ya shingo, ambayo kisu hakiifikii, nayo huendelea kupeleka damu ubongoni. Pengine dakika nzima hupita naye angali ana fahamu. Wako wachinjaji wanaomchoma kisogoni kwanza ili aanguke. Huanguka kweli, wala harushi miguu, na watazamaji husema amekufa vizuri. Lakini kilichokatwa ni uti wa mgongo. Ubongo ungali hai, naye anaona na kusikia asiweze kujitikisa. Mimi mwenyewe nilisifu jambo hili zamani. Katika machinjio makubwa hutumika chombo mfano wa bastola, kinachopiga paji la uso kwa chuma na kumzimisha mara moja.

Chombo hicho wako Waislamu wasiokiridhia, na katika mitaa yenye dini nyingi kama hii yetu ni desturi kumwita Mwislamu achinje ili kila mgeni ale. Desturi hiyo ni njema na sitaki ivunjwe. Nakumbusha tu kwamba mafundisho ya dini hiyo yenyewe yaamuru kisu kinolewe, kisinolewe mbele ya mnyama, asichinjwe mbele ya mwenzake, wala asichunwe kabla roho haijatoka. Mwaka jana tulivunja yote manne.

Kwa baadhi ya makabila yetu, mbuzi wa tambiko huzibwa pumzi. Sina mamlaka ya kuwafundisha wazee mila. Nitasema tu kwamba kifo hicho huchukua dakika kadhaa, na naomba wazee wenyewe wakae walifikirie bila sisi vijana.

Sheria nayo ipo. Sura ya 360 ya Sheria za Kenya inakataza kumpiga mnyama kikatili, na kumsafirisha au kumfungia kwa namna ya kumtesa bila sababu. Haimwachi mtu kwa kuwa ana msiba.

Kwa hiyo, Bwana Mwenyekiti, naleta ombi. Ng'ombe wa Chama wasichinjwe tena uani, bali wapelekwe kwenye machinjio yenye leseni, nyama ikaguliwe na kupigwa muhuri. Najua wazee wengine wamekwisha kuninong'oneza kwamba matanga bila ng'ombe kuanguka uani si matanga. Nawaheshimu, lakini katika hili sikubaliani nao. Mbuzi wachache wa desturi wakibaki nyumbani, basi awepo mchinjaji mmoja anayejulikana, alipwe, na Chama kinunue visu viwili virefu na jiwe la kunolea, vitunzwe na Katibu, visikatie mboga. Watoto waondolewe mahali pale. Na awekwe mtu mmoja, kwa jina, wa kumnywesha mnyama maji, maana kazi ya wote tuliona mwisho wake.

Gharama ya machinjio na ya gari sikuileta hapa, kwani Mweka Hazina anayo. Namwachia aseme kama mfuko unatosha kabla ya karamu ya Desemba.