Breki za Vyuma

Wanafunzi wa Bugomora, nanyi nyote mnaotusikiliza! Leo tutasoma juu ya breki za baiskeli za zamani.

Wako watu wanaozipenda mno breki hizi. Mtu ana Raleigh ya Uingereza, au Phoenix ya China, aliyoirithi kwa baba yake. Huipangusa kila jioni, wala haiuzi. Sababu anayo. Breki hizi hazina waya. Ukibana mkono wa breki ya mbele, vyuma vyembamba huvuta juu chuma kilichopinda, na raba mbili hukaza ringi kwa ndani. Waya hukatika ghafula. Chuma hukatika kwa nadra. Nati ikilegea unaiona kwa macho, na spana moja yatosha.

Lakini tusizisifu kupita kiasi. Ringi ya chuma ikilowa huteleza. Nanyi mwaijua milima ya huko: mikungu ya ndizi nyuma, mvua, mteremko. Ukingoja mpaka katikati ya mteremko ndipo ubane, umechelewa. Bana kidogo kidogo tangu juu, raba zifute maji. Mzigo ukiwa mzito, shuka, uikokote. Atakayekucheka na acheke.

Tena tazama raba zako. Zikiisha, chuma husaga chuma. Nunua nyingine kabla ya masika.

Sasa someni pamoja nami, polepole: bre-ki, ra-ba, ri-ngi, m-te-re-m-ko. Kisha kila mmoja aandike daftarini majina matano ya sehemu za baiskeli anazozijua.