Je, Ni Haki Kampuni Kununua Hisa Zake Yenyewe?

(Hotuba niliyoitoa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani)



Katibu aliniarifu kwamba wanafunzi wa Uchumi wa kidato cha sita wameomba tuzungumzie jambo linalobishaniwa sana huko Marekani: kampuni kutumia fedha zake kununua hisa zake yenyewe. Nitajitahidi nisiwacheleweshee chakula.

Tuanze na hesabu. Kiwanda cha nguo kina hisa 100,000, na faida yake ya mwaka ni shilingi 1,000,000. Kila hisa imechuma shilingi 10. Wakurugenzi wakitoa fedha za akiba, wakanunua hisa 20,000 na kuzifuta, zinabaki 80,000. Mwakani faida ikiwa ile ile, kila hisa itakuwa imechuma shilingi 12.50, na bei yake sokoni huelekea kupanda. Lakini kiwanda hakikufuma hata mita moja zaidi ya kitambaa.

Wanaotetea desturi hii husema kwamba mali ni ya wenye hisa. Kampuni isiyo na kazi ya maana ya kuzipa fedha zake, ni afadhali iwarudishie wenyewe kuliko kuzimaliza kwa miradi ya fahari. Atakaye kuuza auze, asiyetaka abaki. Hoja hii ina uzito. Jirani zetu wa Kenya waliona mfano wake mwaka 2021, Nation Media Group ilipotangaza kununua hadi asilimia 10 ya hisa zake kwa shilingi 25 kila moja. Bei ilitangazwa hadharani, ikawa moja kwa wote.

Wanaopinga hutazama nani anaamua. Huko Marekani malipo ya wakubwa wengi wa makampuni hufuata bei ya hisa. Basi anayeamuru hisa zinunuliwe ndiye anayeneemeka bei ikipanda. Zamani kampuni zilichelea kushtakiwa kwa kuchezea bei. Mwaka 1982 tume ya serikali inayosimamia masoko ya hisa ilitoa kanuni ya kuzikinga, mradi zitimize masharti, na tangu hapo desturi ikaenea. Mwaka 2022 sheria ilipitishwa ya kutoza ununuzi huo kodi ya asilimia 1, kuanzia 2023.

Lakini kilichowakera raia wengi ni habari ya ndege. Kati ya 2014 na 2019 American Airlines ilitumia zaidi ya dola bilioni 12 kununua hisa zake, huku ikiwa na madeni makubwa. Machi 2020 korona ikawaondoa abiria. Serikali ikatenga dola bilioni 25 kusaidia mashirika ya ndege za abiria kulipa mishahara, na waliopokea wakakatazwa kununua hisa zao hadi Septemba 30, 2021. Sisemi kwamba wakurugenzi wangeweza kuiagua korona. Nasema waliouza hisa mapema walikwenda na fedha zao, na mlipa kodi ndiye aliyeitwa kuziba pengo. Mchuma janga hula na wa kwao. Hapa hata wasio wa kwao walilishwa.

Nami nimesimama wapi? Sisi watumishi wa serikali tunaijua sana Juni 30, siku ya kufunga hesabu za mwaka. Hutokea mtu akaona fedha katika fungu akashangilia, kumbe hati za madai hazijalipwa, zimelala jaladani. Salio si ziada. Vivyo hivyo kwa kampuni: ikishalipa wafanyakazi wake ipasavyo, ikatengeneza mitambo, ikapunguza madeni na kuweka akiba ya siku mbaya, kinachobaki ni ziada, na kuwarudishia wenye hisa ni haki. Ikinunua kabla ya hapo, inagawa fedha ambazo wengine bado wanaidai.

Wadogo zangu, mkilifanyia mdahalo suala hili, msiishie kuuliza kama sheria inaruhusu. Ulizeni nani ameamua, amepata nini, na mambo yakiharibika nani atalipa.