Waifai Isiyofika Chumba cha Nyuma

Wakazi wa nyumba za zamani za Mji Mkongwe, Zanzibar, wanalijua tatizo hili: ruta iko sebuleni, lakini katika chumba cha nyuma simu inautafuta mtandao bila kuupata. Kuta nene za mawe ya matumbawe na chokaa hudhoofisha mawimbi ya redio. Ruta yenye antena nyingi haimalizi tatizo, kwani simu nayo lazima ijibu, na nguvu yake ya kurusha mawimbi ni ndogo.

Kinachofaa ni kisambazaji cha pili, kilichounganishwa na ruta kwa waya. Waya wa kawaida wa mtandao hufika mita 100, na visambazaji vingi hupata umeme humo humo. Vifaa vinavyorudia mawimbi bila waya ni rahisi kufunga, lakini mara nyingi kasi hushuka kwa nusu. Hela inayookolewa hapo ni hasara.

Mnunuzi aulize masafa. Gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, ila husongamana. Gigahezi 5 zina kasi, lakini hazifiki mbali. Achague kisambazaji chenye masafa yote mawili. Kwenye 2.4, visambazaji viwili vilivyo karibu vipewe chaneli tofauti kati ya 1, 6 na 11, ambazo haziingiliani.