Nguvu ya Kahawa Haimo Katika Mashine

Ndugu wasikilizaji, siku hizi ukipita katika mitaa ya miji yetu utaona vibao vya migahawa vimeandikwa neno ambalo wazee wetu hawakulijua: espreso. Kikombe chake ni kidogo, hakizidi sana kile cha muuza kahawa wa Kariakoo, lakini bei yake humfanya mtu akumbuke kwanza nauli ya kurudia nyumbani. Ndiyo maana wengi wanauliza kama inawezekana kujitengenezea kahawa ya namna hiyo nyumbani, kwa ile mashine ya kawaida ya umeme inayochuja kahawa tone kwa tone.

Miongoni mwa waliouliza yumo mama mmoja aliyeanza biashara ndogo ya kupeleka kahawa katika ofisi zilizo jirani na nyumba yake. Huipika alfajiri kwa mashine hiyo, huijaza katika chupa za chai, na saa nne wateja wake wanakunywa. Sasa wameanza kumwomba espreso. Jirani yake amemshauri aiite espreso hiyo hiyo anayoipika, maana nani atajua? Shoga yake naye amemshauri kwamba zamu yake ya upatu ikifika, fedha zote azitie katika mashine ya espreso. Anataka kujua afuate ushauri upi.

Jibu langu ni kwamba asifuate hata mmoja, na sababu zake nitazieleza.

Neno espreso ni la Kitaliani, na ndani yake mna maana ya kitu kilichokamuliwa. Angelo Moriondo wa mji wa Torino alipata hataza ya mashine ya kahawa ya mvuke mwaka 1884. Mwaka 1901 Luigi Bezzera wa Milano akaja na mashine ya kumpikia kila mteja kikombe chake papo hapo. Baadaye, katika miaka ya 1940, Achille Gaggia, naye wa Milano, akaleta mashine yenye mkono wa chuma, ambayo mpishi akiuvuta, maji ya moto husukumwa kwa nguvu kubwa kupita katika kahawa. Hapo ndipo lilipopatikana lile povu la rangi ya dhahabu linalokaa juu ya kikombe.

Nguvu hiyo ni kubwa kiasi gani? Espreso hukamuliwa kwa mgandamizo wa bari 9 hivi. Tairi la gari dogo hujazwa upepo wa bari 2 na kidogo. Basi yale maji husukumwa kwa nguvu ya mara nne ya upepo wa tairi! Ndiyo maana gramu 7 tu za kahawa iliyosagwa laini na kushindiliwa hutoa kinywaji kizito cha mililita 30 hivi, kwa muda wa sekunde 25 mpaka 30.

Sasa tuitazame mashine yetu ya nyumbani. Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1908 Melitta Bentz, mama wa mji wa Dresden aliyechoshwa na machicha kikombeni, alitoboa matundu chini ya chombo, akatandika ndani karatasi ya kukaushia wino ya mwanawe, akamimina maji ya moto juu ya kahawa. Mwaka 1954, huko huko Ujerumani, ikatokea mashine ya umeme ya kufanya kazi hiyo, iliyoitwa Wigomat. Ndani ya mashine za namna hii mna kibomba kilichopashwa moto. Maji yakianza kuchemka, mapovu ya mvuke huyapandisha juu, kisha yakaidondokea kahawa na kushuka kwa uzito wake yenyewe. Hapana kinachosukuma. Mgandamizo wa kukamua haupo kabisa.

Kwa hiyo, mpenzi msikilizaji, mashine ya matone haitoi espreso, hata ukiibembeleza. Hilo povu la dhahabu hutalipata. Na anayedhani kwamba dawa ni kusaga kahawa iwe laini kama unga wa ngano atajionea mwenyewe: maji yatashindwa kupenya, karatasi itaziba, na kahawa itafurika mpaka juu ya meza.

Lakini mama yetu asikate tamaa. Wateja wa ofisini wanaposema espreso, aghalabu wanachokitaka ni kahawa nzito, yenye harufu, ya kikombe kidogo, inayoweza kuhimili maziwa. Hiyo mashine yake inaiweza, mradi apewe mpishi anayeielewa.

Kwanza, kipimo. Kawaida lita moja ya maji hupikiwa gramu 60 hivi za kahawa. Yeye atie gramu 60 hizo hizo kwa nusu lita tu. Kijiko kimoja cha chakula, kilichosawazishwa, ni kama gramu 5, kwa hiyo ni vijiko 12. Kahawa hunywa maji yapata mara mbili ya uzito wake, basi atapata chini kidogo ya mililita 400. Ikiwa mashine ni ndogo, apunguze vyote kwa nusu. Kahawa kavu isizidi nusu ya kile kikapu cha kuchujia, maana ikilowa huvimba.

Pili, usagaji. Iwe laini kidogo kuliko ile ya kawaida ya mashine hiyo, ifanane na chumvi ya mezani, isifike kuwa vumbi. Na isagwe asubuhi ile ile, kwa sababu kahawa iliyokwisha kusagwa hupoteza harufu upesi. Asiye na kisagio atumie kinu na mchi, kisha achekeche na kuondoa vumbi.

Tatu, joto. Mashine nyingi za bei nafuu huanza kazi zikiwa baridi. Apitishe kwanza maji matupu, ayamwage, kisha ndipo apike. Maji hayo yatapasha moto mashine na jagi lake, na pia yatasuuza harufu ya karatasi. Kahawa ikishalowa yote, azime mashine kwa nusu dakika, halafu aiwashe tena. Muda huo mfupi huiruhusu kahawa kutoa hewa iliyomo ndani yake, na maji yatakayofuata yatapenya sawasawa.

Nne, na hii wengi hawaijui, kahawa inayotangulia kudondoka ndiyo nzito kuliko ile ya mwisho. Anayetaka kikombe kizito zaidi aondoe jagi wakati kahawa imeshuka kiasi cha nusu, aweke chombo kingine kupokea ile nyepesi. Hiyo ya pili anaweza kuipa mteja asiyependa kahawa kali, na hapana kilichopotea.

Tano, kahawa isiachwe juu ya kile kibati cha moto. Huendelea kupikika na kuwa chungu kwa ubaya. Ihamishiwe mara moja katika chupa ya chai iliyosuuzwa kwa maji ya moto. Na maziwa, kwa wanaoyataka, yapashwe moto bila kuchemka, kisha yamiminwe kutoka chombo hiki kwenda kile kwa urefu wa mkono, kama wafanyavyo wauza chai. Povu litapatikana bila mashine.

Kuna na kosa moja la kuepuka. Wako wanaochukua kahawa iliyokwisha kupikwa, wakaimimina tena katika tangi la maji wakidhani itatoka na nguvu maradufu. La hasha! Itatoka chungu, na ule mfereji mwembamba wa ndani utaziba. Mashine ikishafikia hapo, ni ya kupelekwa kwa fundi.

Nije sasa kwenye ushauri wa shoga. Mashine nzuri ya espreso haiji peke yake. Inataka kisagio chake, maji safi yasiyoacha chokaa, umeme usiokatika, vipuri, na fundi anayeijua. Kwa biashara ya chupa nne za asubuhi, fedha za upatu zitalala humo kwa muda mrefu kabla hazijaamka. Kama mama huyo anataka kusogea hatua moja, lipo birika dogo la Kitaliani la kuweka jikoni, lililoanzishwa na Alfonso Bialetti mwaka 1933. Mvuke wa ndani yake husukuma maji kwenda juu kupita katika kahawa kwa mgandamizo mdogo. Nalo si espreso kamili, lakini linaikaribia kuliko mashine ya matone, na halihitaji umeme.

Ambapo fedha zitazaa mapema ni katika kahawa yenyewe. Tunayo arabika ya Kilimanjaro, Mbeya na Mbinga, yenye harufu nzuri, na tunayo robusta ya Kagera, yenye nguvu na uchungu. Hata huko Italia wapishi wengi huchanganya aina hizi mbili. Sehemu tatu za arabika kwa moja ya robusta, zilizokaangwa mpaka zikawa na weusi wa chokoleti, zitaupa mchanganyiko wake uzito unaotafutwa. Sehemu kubwa ya kahawa yetu huondoka nchini ikiwa bado mbichi, na faida ya kuikaanga hubaki kwa wengine. Mama anayenunua kahawa iliyokaangwa hapa hapa anabakisha nyumbani sehemu ya faida hiyo.

Na ushauri wa jirani? Huo ndio mbaya zaidi, kwa sababu hauna gharama leo, ila kesho. Katika ofisi ile hakosekani mtu aliyekunywa espreso ya kweli. Siku atakapoinua kikombe na kucheka, hatakayechekwa ni mashine. Wauza kahawa wetu wa pwani, wenye madele yao ya shaba juu ya makaa, wameuza kahawa nzito kwa vikombe vidogo, pamoja na kashata, kwa miaka mingi sana. Hawakuazima jina la mtu, wala wateja hawakuwakimbia. Mama huyu naye aandike juu ya chupa yake maneno mawili tu, Kahawa Nzito, kisha aipike kwa kipimo kile kile kila siku. Wahenga wamesema, kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.