Mashine ya Kuchomelea Iliyopunguzwa Bei



Tunaulizwa mara kwa mara iwapo mashine ya kuchomelea isiyo na jina maarufu, iliyopunguzwa bei, yafaa kununuliwa kwa kazi za nyumbani. Hatusemi ikataliwe kwa ugeni wa jina. Twaomba kwanza isomwe.

Tarakimu kubwa iliyochapwa ubavuni, tuseme 200, isiwapumbaze. Tafuteni kibati cha maelezo. Humo, pamoja na ampea, huandikwa asilimia. Ikiwa ni 20 kwa ampea 200, maana yake katika kila dakika 10 mashine huchomelea 2 na kupumzika 8. Ampea zikipunguzwa, muda wa kazi huongezeka. Kuunga bawaba ya geti kwa kijiti cha milimita 2.5 huhitaji ampea kama 80 tu, basi huenda ikatosha. Anayetaka kutengeneza madirisha ya kuuza atachelewa. Kibati kisipokuwapo, sisi tusingenunua.

Muulizeni muuzaji nani ataitengeneza ikiharibika, na muda wa dhamana uandikwe kwenye risiti. Kisha ulizeni bei ya glavu na kinga ya uso yenye kioo cheusi, maana punguzo lote laweza kumezwa hapo.